Mpini Wenye Tumbo

Kwetu kisu hakiuzwi mpaka kimekata kitunguu. Cheka tu, wengi wanacheka. Wateja wetu ni watu wa mabuti na vifua vipana: walinzi wa msitu, wapima ardhi, wapanda milima, watu ambao wakikohoa ndege wanaruka. Na kila kisu wanachochukua kwetu kimekaa kwanza wiki nzima jikoni kwa mama yangu kikimenya viazi.

Utaratibu huo aliuanzisha marehemu Baba na hakuna aliyethubutu kuugusa. Kisu kipya kikimalizika kinaviringishwa kwenye kitambaa, kinakwenda nyumbani na Mama. Anakitumia kwa kila kitu: kuku, boga, kamba ya gunia, vijiti vya kuwashia moto. Anakishika mikono ikiwa na mafuta, ikiwa na sabuni, sufuria inafurika na mtu anabisha hodi mlangoni. Wiki ikiisha anakirudisha karakana na neno moja tu, ama "kinafaa" ama "hapana". Akisema hapana, mpini unang'olewa, hata kama umeusugua msasa mpaka unapiga chafya za mbao. Nalijua hilo vizuri kwa sababu msugua msasa ni mimi.

Tuko watatu. Kaka yangu anafua chuma, mimi natia mipini, Mama ananoa makali na kutoa hukumu. Kaka tunamwita Komando. Jeshini hajafika hata getini. Nje ya nyumba hajalala, ukiacha ile siku mkewe alipomfungia mlango, na hata hiyo alilala kwenye kibaraza akiwa na mto. Lakini video zote za watu waliopotea porini wakala mizizi amezitazama, na suruali yake ina mifuko mingi kuliko vitu alivyonavyo. Mimi ananiita Wembe, kwa ajili ya ulimi. Sijakataa. Kwenye familia ya mafundi visu, hiyo ni sifa.

Sasa siku moja akaja mkuu wa walinzi wa msitu, mteja wetu wa siku nyingi. Sisi tunamwita Afande, na sidhani kama hata mkewe anamwita vingine. Akakaa kwenye benchi, kofia magotini, akasema anataka kisu kipya kwa kikosi chake kizima.

"Si kisu cha gwaride," alisema. "Nataka kisu cha mtu aliyekwama. Amepotea, ameumia, yuko peke yake. Mnanielewa?"

"Tumekuelewa, Afande," akajibu Komando, ambaye alisikia neno "kisu" na baada ya hapo akatia pamba masikioni.

Akajifungia na kazi hiyo kama kuku anayeatamia. Alipotoka, alikuja ameshika kitu cheusi kinachong'aa, akakiweka mezani mbele yangu na Mama kama anayetutambulisha kwa mchumba.

"Haya," akasema. "Semeni wenyewe."

Nikasema. Kwanza niliuliza kama kuna kisu humo ndani, maana nilichokiona ni tochi. Mpini ulikuwa bomba la duara, wenye tumbo tupu. Mkiani kulikuwa na kizibo cha kuzungusha, na juu ya kizibo ameweka dira. Ukifungua kizibo, ndani kuna njiti za kiberiti, ndoana, uzi wa kuvulia samaki, sindano na pini ya nguo.

"Mtu akipotea," akaeleza, macho yanamng'aa, "anafungua mpini, anaishi."

"Anaishi humo ndani?"

"Wembe, mimi naongea mambo ya maana."

"Na mimi nauliza ya maana. Hiyo pini ya nguo ni ya nini? Simba akija, mtu abane kaptula?"

Mama akacheka kwa pua. Komando akaendelea na mahubiri. Akatuonyesha mifereji minne ya vidole aliyoichonga kwenye mpini, ambayo ilipimwa kwa vidole vyake mwenyewe, kwa hiyo kisu kingefaa sana endapo walinzi wote wa msitu wangekuwa yeye. Akatuonyesha rangi ya kung'aa, tabaka juu ya tabaka, mpaka unajiona uso. Pale mbele, mahali panapotakiwa kuwa na kingo ya kuzuia kidole kisitelezee kwenye makali, hapakuwa na kitu.

"Kingo iko wapi?" nikauliza.

"Inaharibu umbo."

"Na kidole kikikatika hakiharibu umbo?"

Halafu nikauliza habari ya mkia. Kila kisu kina mkia, kile chuma kinachotoka kwenye bapa na kuingia mpinini. Kwenye visu vyetu mkia unakwenda mpaka mwisho wa mpini, ndiyo maana unaweza kukipiga kwa gogo kikakuangalia tu. Sasa kwa kuwa huyu bwana alikuwa ameshalijaza tumbo la mpini kiberiti na ndoana, mkia haukuwa na pa kupita. Alikuwa ameukata ukabaki kama kidole gumba, akaugandisha kwa gundi.

Akakitikisa kisu karibu na sikio langu. Ndani kukalia chakachaka.

"Unasikia? Vifaa!"

"Nasikia," nikasema. "Debe tupu haliachi kuvuma."

Hapo angekasirika siku nyingine. Siku hiyo hakukasirika, na hilo lilinitia wasiwasi. Alimgeukia Mama kwa sauti ya upole, sauti ambayo kaka yangu huitumia akitaka kitu.

"Mama, hiki usijisumbue kukipeleka nyumbani. Hiki ni kisu cha porini, si cha vitunguu. Nitakijaribu mwenyewe. Na wewe, kwa kweli, umri huu... ungepumzika."

Hebu nieleze neno hilo "pumzika", maana lilikuwa limeshazungushwa pale kwa muda. Mama alianza kuangusha vitu. Tupa ilimponyoka akiwa ananoa, ikalia sakafuni, wote tukajifanya hatujasikia. Siku nyingine likawa jiwe la kunolea. Asubuhi vidole vyake vilikuwa vimevimba kwenye viungo, akawa anavificha chini ya aproni kama mtoto anayeficha sukari. Komando na mkewe wakaenda kununua kiti cha kulalia, kile kikubwa cha kunyoosha miguu, wakakiweka sebuleni kwa Mama kikitazama televisheni. Hata nailoni hawakuitoa. Mama akasema asanteni wanangu, Mungu awabariki, akaanza kuanikia nguo juu yake.

Mimi nilijua kiti kile kina maana gani kwake. Tangu Baba afariki, mama yangu hajawahi kukosa karakana hata siku alipokuwa na homa. Akikaa kwenye stuli yake mbele ya jiwe la kunolea, ni mtu. Anagomba, anaimba, anawatukana wateja wanaochelewa. Siku za mapumziko anazunguka nyumbani akihamisha vikombe kutoka kabati hili kwenda lile. Ukimtoa pale karakana ukamweka mbele ya televisheni, hatamaliza mwaka. Sisemi kwa mzaha. Niliogopa hilo kuliko kitu chochote, na yeye aliogopa zaidi yangu.

Kwa hiyo Komando aliposema "pumzika", Mama hakucheka. Alinyoosha mkono, akachukua lile bomba jeusi, akaliviringisha kwenye kitambaa.

"Utaratibu ni utaratibu," akasema. "Kinakwenda nyumbani."

Wiki ile nilikaa nikingojea "hapana" kama mtu anayengojea sikukuu. Nilikuwa nimeshaandaa hata maneno ya kumpoza Komando, na mengi hayakuwa ya kumpoza. Mama akaja asubuhi, akafungua kitambaa, akaweka kisu mezani.

"Kinafaa," akasema, akaenda kukaa kwenye stuli yake, mkono wa kulia chini ya aproni, bila kututazama.

Loo! Komando aliruka. Alinikumbatia mimi, akakumbatia mashine ya kutobolea, akampigia Afande simu kabla hajamaliza kushangilia. Mimi nilibaki mdomo wazi. Mama huyu huyu aliwahi kukataa mpini wangu kwa sababu ulikuwa "unamwonea aibu mkono", na mpaka leo sijui maana yake. Leo anapitisha bomba la maji lenye pini ya nguo?

Nikasema moyoni, hapa kuna jambo.

Mchana nikapitia nyumbani kwake kurudisha sufuria yake, na ndani ya sufuria nimekitia kisu cha Komando nimwulize vizuri. Nilimkuta jikoni anakata nyama kwa kile kisu chake kikuukuu cha mpini wa mbao uliopauka. Alikishika kwa mkono wa kushoto. Mama yangu si wa kushoto.

"Hebu nione huo mkono mwingine."

"Una nini wewe? Weka sufuria uende zako."

"Mama. Nione mkono."

Akaufungua. Kiganja chote kilikuwa kimefungwa kitambaa, na kitambaa kimelowa. Nikakifungua taratibu. Kidonda kilipita kutoka kwenye kidole cha shahada mpaka katikati ya kiganja, kirefu, kinyoofu. Mkono uliteleza ukaenda mbele, na mbele hapakuwa na kingo ya kuuzuia.

"Siku ya ngapi?" nikauliza.

"Ya kwanza," akasema. "Nilikuwa nasafisha kuku. Kikageuka mkononi kama samaki."

"Na ukasema kinafaa!"

"Nikasema kinafaa, ndiyo."

Akaketi kwenye kigoda. 

"Ningesema nini? Ningesema kinateleza, kaka yako angesema si kisu, ni mikono. Na asingekosea, mwanangu. Vidole hivi asubuhi havifungi. Sufuria nashika kwa mikono miwili. Kikombe nashika kwa mikono miwili. Nitajuaje mimi kama ni kisu kibaya au ni mimi niliyekwisha? Nikisema hapana, kesho nimekaa kwenye kile kiti. Nimesema kinafaa, basi. Niacheni na kazi yangu."

Nikakitoa kisu cha Komando kwenye sufuria. Nikapaka sabuni mikononi, nikaloweka, nikakamata, nikakata mfupa wa kuku kwa hasira zangu zote. Kiligeuka kidogo. Nikakaza kiganja, kikatulia. Kilishikika. Na mimi nilikuwa nataka sana kiponyoke. Mimi nina viganja vya mtu anayeshika tupa kutwa. Kwangu kilishikika, kwa Komando kilishikika. Kwa Mama tu ndiyo hakikushikika.

"Umeona?" akasema. "Ni mimi."

Mimi, Wembe, mwenye jibu la kila mtu, nikaanza kumfunga kile kitambaa upya.

"Niapie hutasema."

Nikaapa. Ningefanya nini tena? Kama ningesema, ningekuwa nimemkalisha kwenye kiti kwa mikono yangu. Nisiposema, kikosi kizima cha watu kitaingia msituni na mabomba ya kaka yangu. Nilijidanganya kwamba wale ni watu wenye nguvu, mikono yao minene, kitawashikika kama kilivyonishikika mimi. Usiponielewa, sikulaumu.

Afande akaja siku aliyoahidi. Komando alikuwa ameoga mara mbili na kuvaa ile suruali. Alikuwa ametandika uani meza yenye magogo, kamba, vijiti na glavu. Jua lilikuwa zuri, mikono mikavu, tumbo limeshiba chai. Hali halisi kabisa ya mtu aliyekwama porini.

Onyesho likaanza. Alikata kamba, sawa. Alichonga kijiti, sawa. Alifungua kizibo kwa mbwembwe, njiti tatu zikamwangukia kwenye kiatu. Kisha akamwonyesha Afande dira. Mshale ulizunguka, ukatafakari, ukatulia ukielekea kwenye bapa la kisu. Afande akazunguka upande wa pili wa meza na kukigeuza kisu. Mshale nao ukageuka kukifuata.

"Kaskazini ni wapi?" akauliza.

"Huko," akasema Komando, akionyesha kwa kidole.

"Huko nilikotoka ni kusini."

"Ni... inahitaji kutulizwa kidogo, Afande."

Mimi nilikuwa nimeuma mdomo mpaka unauma. Mama alikuwa kwenye stuli yake mlangoni, mkono mmoja chini ya aproni.

Afande hakucheka. Akakipima kisu mkononi, akakirudisha mezani. "Mimi mambo ya dira sijui. Nauliza moja tu, kama kawaida yangu hapa. Mama amekaa nacho wiki?"

"Wiki nzima!" Komando akadakia. "Muulize mwenyewe."

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Afande."

"Kinafaa?"

Nikamtazama Mama. Alifungua mdomo. Lakini Afande, bila kujua alichokuwa anafanya, akaendelea kuongea.

"Nauliza kwa sababu kuna kijana wangu aliteleza bondeni msimu wa mvua, mguu ukavunjika. Tulimpata kesho yake. Mvua ilimnyeshea saa zote hizo. Kisu alikuwa nacho, kizuri tu, cha duka kubwa. Kilimponyoka kikaanguka kwenye tope hapo hapo pembeni yake. Akaniambia, Afande, nilikuwa nakiona, kila nikikiokota kinaniponyoka, vidole vimekataa kufunga. Alishindwa kukata hata tawi la kufungia mguu. Mguu wenyewe hospitali walikuja kuukata. Kijana ana nguvu yule, angeweza kukubeba wewe na meza yako." Hilo alimwambia Komando. "Sasa ndiyo nataka kujua. Mama, kinafaa?"

Komando aliacha kuchezea mifuko yake.

Mama akasimama. Akaja mezani polepole, akatoa mkono chini ya aproni na kuanza kufungua kile kitambaa. Nikasema, "Mama, acha." Hakunisikia, au alinisikia. Akautumbukiza mkono wenye kidonda kwenye ndoo ya maji ya kupozea chuma. Uso ulimkunjamana kwa maumivu. Kisha akakishika kisu cha Komando, akaegemeza makali kwenye kamba, akabonyeza.

Mpini ulizunguka kiganjani mwake. Kisu kikalala ubavu, kikamtoka, kikaanguka kwenye saruji. Kile kimkia cha kidole gumba kikaachia gundi, bapa likaenda kwake na mpini kwake, na ndoana, sindano na pini ya nguo vikatawanyika miguuni mwa Afande.

"Hakifai," akasema Mama.

"Si kisu!" Komando akapiga kelele. Alikuwa amepauka. "Mama, si kisu, ni mikono yako! Mikono yako imekwisha, kila mtu anajua imekwisha!"

Alipomaliza kusema akaziba mdomo wake mwenyewe, lakini neno likishatoka limetoka. Nilitaka kumrukia. Mama alinizuia kwa kiwiko.

"Ndiyo," akasema. "Ni mikono yangu." Akamgeukia Afande. "Na nilikuwa nakwenda kukuambia kinafaa. Nilishamwambia mwanangu kinafaa."

"Ulitaka kunipa hiki, Mama?"

"Nilitaka kukupa hiki."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nikisema kinaniponyoka, wataniondoa hapa."

Alisema hivyo wazi, mbele ya mteja, mama yangu ambaye hata mchele ukiisha anawaambia wageni ameshiba. Machozi yakanitoka na sikuyafuta.

Afande akaweka kofia mezani. Akaomba mkono wa Mama, akaushika, akaugeuza, akabonyeza viungo vilivyovimba kimoja kimoja. Akajaribu kuvikunja vidole, havikufika kiganjani. 

"Yule kijana tulimkuta na vidole hivi hivi," akasema. "Vimevimba, vimekufa ganzi, havifungi." Akachukua kofia yake. "Nitengenezeeni kisu ambacho mikono hii inakiweza. Kingine sikitaki, na vingine mkinipa hata bure sichukui."

Kisha akaenda zake, akakanyaga ndoana, akatukana, ikabidi nimtoe ndoana kwenye soli ya buti.

Nitakuambia jinsi kisu kile kilivyopatikana, maana nimekaa kwenye mipini maisha yangu yote na kumbe nilikuwa sijui mpini ni nini. Mimi nilikuwa natengeneza mipini ya watu wazima wenye afya. Nilikuwa nawafikiria wateja wakiwa wamesimama dukani kwetu wakitabasamu. Na mtu aliyesimama anatabasamu hata kijiko kinamtosha.

Niliurudisha mkia mpaka mwisho wa mpini na kuukaza kwa ribiti tatu, zile pini nene za chuma zinazopita ubavu hadi ubavu. Nikaweka kingo mbele. Nikachonga mpini wa mbao. Mama akaloweka mkono, akaushika. "Hapana." Nikachonga mwingine. "Hapana, unazunguka." Nikaufanya bapa ubavuni ili usizunguke. "Hapana, mwembamba, vidole havifiki kuubana." Nikaongeza unene, nikavimbisha katikati. Akasema nyuma panateleza, nikaacha kifundo mwishoni ili hata mkono usiofunga ukwame hapo. Rangi ya kung'aa tuliisahau, tukapaka mafuta ya kitani na kuiacha mbao iwe na ukali wake. Mifereji ya vidole marufuku, maana vidole vilivyovimba havitaki kupangiwa pa kukaa. Kila mara niliporidhika, Mama alisema hapana, mpaka nikaanza kumnong'onea Komando kwamba labda tulete kile kiti. Ilikuwa utani. Hakucheka.

Komando alikuwa hajasema neno tangu siku ile, jambo ambalo nilikuwa nimeliombea miaka mingi na sasa likawa linanisumbua. Asubuhi moja akaja na bonge la unga wa ngano uliokandwa. Akaliviringisha kwenye mkia wa kisu, akapiga magoti mbele ya stuli ya Mama.

"Shika," akasema. "Shika unavyoweza. Usijikaze."

Mama akashika. Komando akafunika mkono wake kwa mikono yake miwili, ili unga upokee umbo. Akakaa hivyo. Ungedhani angeachia, lakini hakuachia.

"Vinakuuma tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema ungeninunulia kiti mapema zaidi."

Akainamisha kichwa kwenye magoti ya mama yake, lile jitu lenye mifuko yote ile. "Nilikuona umeangusha tupa," akasema, "nikaogopa, Mama. Niliogopa sana. Nikaona nikikukalisha, basi uzee hautakuja."

Mama akamwekea mkono mwingine kichwani. Mimi nikakumbuka kwamba nina kazi ya haraka sana upande wa pili wa karakana.

Mpini wa unga ulikuwa na sura mbaya kuliko kitu chochote kilichowahi kutengenezwa kwetu. Umenona hapa, umebonyea pale, kama kiazi kikuu. Niliufuata ulivyo, mbonyeo kwa mbonyeo. Mama akaloweka mkono, akapaka sabuni, akapaka na mafuta ya kupikia kwa ukorofi tu, akashika, akakata kamba, akapasua kijiti, akaking'ang'ania na kukitikisa. Kilikaa. Akakipeleka nyumbani wiki nzima, akakirudisha.

"Kinafaa," akasema, na safari hii alitutazama.

Afande alichukua kwa kikosi chote. Baadaye wakaja wa vikosi vingine, halafu waokoaji wa milimani, halafu watu wa mashua. Komando huwaeleza wateja kuhusu mpini huo kama vile aliuota yeye, na kwa nusu ya habari hiyo nimemsamehe. Akimaliza, anawaonyesha Mama kwenye stuli yake. "Huyo ndiye mkaguzi wetu mkuu," anawaambia. "Asipokiweza yeye, hakitoki." Mama anawatukana kwa kuchelewa. Kile kiti nimekichukua mimi, nakilalia, ni kizuri ajabu.

Mwezi uliopita tukampa mmoja wa mipini ile ile ajaribu, kwa ajili ya utaratibu tu. Tumeshaitoa mingi, haina shida. Akaloweka mkono, akashika, akajaribu kukata. Akauweka chini.

"Hapana," akasema.

"Mama, ni ule ule," nikamwambia. "Mwaka jana uliupitisha mwenyewe."

"Mwaka jana," akasema.

Komando alinitazama, nami nikamtazama. Hakuna aliyetoa utani. Akaenda kukanda unga, mimi nikachagua gogo nene zaidi.

Huo mpya umeshatoka, na wateja wanausifu. Wanasema mipini yetu kila mwaka inazidi kuwa mizuri, sijui tunafanyaje. Komando anawajibu asanteni. Mimi huwa natoka nyuma ya karakana, nalia kidogo, kisha narudi kusugua msasa.